Utepe Mwekundu kwa Poni Mnene

Kitabu cha Norman Thelwell nilikisoma kwa mara ya kwanza nikiwa nimekaa juu ya debe la chakula cha farasi, katika kijiji kimoja cha Uingereza, mvua ikipiga paa la bati. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, na kila Jumamosi na Jumapili nilifanya kazi kwenye banda la poni ili nipate nauli na kodi ya chumba. Mwenye banda aliponiuliza kama nimewahi kushika farasi, nilimjibu kwamba nimezaliwa Lamu na nimekua na punda. Akacheka, akasema hao ni ndugu, njoo Jumamosi.

Kitabu chenyewe ni Angels on Horseback, cha mwaka 1957. Thelwell alianza kuchora poni katika jarida la Punch mwaka 1953, na hadi leo Mwingereza akimwona poni mnene mwenye singa nyingi humwita poni wa Thelwell. Michoro yake haina siri. Ni duara kubwa, miguu minne mifupi kama ya kigoda, singa zilizoziba macho, na juu ya duara hilo mtoto wa kike ambaye miguu yake imetanuka huku na huku kwa sababu tumbo la mnyama haliiachi ishuke. Nilicheka peke yangu mpaka poni aliyekuwa nyuma yangu akainua kichwa kunitazama.

Bado nacheka nikikifungua. Lakini nataka kukisoma upya, pamoja na riwaya moja ya Kiingereza inayopendwa duniani na kisa cha mchoraji mmoja aliyeishi kabla ya wote hao, kwa sababu ya yaliyompata yule poni aliyeinua kichwa. Alikuwa jike wa aina ya Welsh, mweupe wa kijivujivu. Kwenye karatasi alikuwa na jina refu la kifahari. Mimi nilimwita Kijivu.

Nianze na jicho nililokwenda nalo Uingereza, maana mhakiki asiyetaja jicho lake anamdanganya msomaji. Lamu mjini vichochoro ni vyembamba, na mzigo wa mchanga, mawe na saruji hubebwa na punda. Kwetu punda husomwa mifupa. Babu yangu alikuwa akipita barazani pa watu, akimwona punda wa fulani anahesabika mbavu, hasemi kitu hapo. Akifika nyumbani ndipo anasema, “Yule bwana hana imani.” Shtaka lilikuwa hilo moja, nalo lilitosha. Shirika la Donkey Sanctuary, ambalo asili yake ni Uingereza, lina kliniki yake Lamu tangu mwaka 1987, na sisi watoto tulikwenda pale kuchungulia punda wakitibiwa vidonda vya mgongo. Niliondoka kwetu na somo moja kichwani: mnyama anayeteswa ni mnyama aliyekonda.

Lugha nayo ilinisaidia kukosea. Mtu hunenepa, au kwa adabu zaidi hunawiri. Mnyama hunona. Katika kunona mna sufuria ndani yake: mbuzi aliyenona ni mbuzi wa sikukuu, na nyama nono ni ile inayotoa mafuta yake yenyewe motoni. Neno ni la sifa kabisa, hata ukilitamka unaongeza mashallah ili kuondoa kijicho. Siku ya kwanza nilipomwona Kijivu, mgongo wake mpana kama jamvi, shingo yake imepinda kama upinde wa mlango, nilisema hivyo hasa, kwa sauti: mashallah, amenona. Sikujiuliza amenona kwa ajili ya sherehe gani, maana Waingereza hawali poni.

Jibu ni kwamba alinona kwa ajili ya macho. Uingereza ina msimu mzima wa maonyesho ya poni, kuanzia viwanja vya vijijini hadi Royal International pale Hickstead wakati wa kiangazi, na Horse of the Year Show mwezi Oktoba, ambayo ilianza mwaka 1949 na sasa hufanyika Birmingham. Sisi tulikuwa watu wa vijijini. Katika darasa letu poni hapandwi. Huongozwa kwa kamba. Wanatembea kwa duara, wanapangwa mstari, kisha kila mmoja anatolewa mbele ya jaji, anakwenda kwa hatua na kurudi akikimbia mwendo wa mdundo. Mshindi hupewa utepe mwekundu, wa pili wa buluu, wa tatu wa njano.

Nilimpiga Kijivu brashi kwa juma zima, nikamwosha singa, nikampaka mafuta ya kwato mpaka zikang'aa. Siku ile jaji alisimama hatua tatu mbali naye, akamtazama ubavuni, akazunguka nyuma, akarudi. Hakumgusa. Tulipata utepe mwekundu. Alipoukabidhi alimwambia mwenye banda kwamba poni huyu amejaa vizuri. Mwenye banda akanigeukia akasema, “Hiyo ni kazi ya huyu.” Sijawahi kusifiwa Uingereza nikafurahi kama siku ile.

Wiki saba baadaye nilimkuta amesimama vibaya. Miguu ya mbele ameitanguliza, uzito wote ameurudisha nyuma, kama mtu aliyekanyaga mchanga wa saa saba mchana na hajui aweke wapi nyayo. Hakutaka kugeuka. Daktari wa mifugo alipofika alinishika mkono, akauweka juu kidogo ya kwato, kwa nyuma, nikasikia mshipa unagonga kwa nguvu. Kisha akauhamishia nyuma ya bega. “Tafuta mbavu,” akasema. Nilibonyeza. Vidole vikazama katika kitu laini kama godoro. Nilibonyeza tena, kwa nguvu, ndipo nikahisi mifupa chini kabisa.

“Mara ya mwisho kuzigusa ilikuwa lini?” akauliza.

Nilikuwa nimemgusa kila Jumamosi na Jumapili kwa miezi minne. Nilimgusa kwa brashi.

Ugonjwa unaitwa laminaitisi. Ndani ya kwato mna mfupa, na mfupa huo umening'inizwa kwenye ukuta wa kwato kwa vikunjo vyembamba vingi sana vinavyoshikana kama kurasa za vitabu viwili zilizopishanishwa. Vikunjo hivyo vikidhoofika na kuvutika, mfupa unaweza kugeuka au kushuka, na mnyama anakuwa amesimama juu ya jeraha lake mwenyewe. Sababu zake ni nyingi, lakini kwa poni ile kubwa ni insulini. Mwaka 2007 watafiti wa Australia walichapisha jaribio lao: waliwapa poni wazima insulini nyingi mfululizo kwenye mishipa, na ndani ya siku tatu poni hao wakaugua. Unene na nyasi zenye sukari humfikisha poni mwenye maumbile ya namna hiyo mahali hapohapo, polepole zaidi. Si kila poni mnene ataugua, na sisemi kwamba utepe ndio uliomwangusha Kijivu. Nasema tulipewa zawadi kwa dalili.

Tangu hapo nimekuwa nikiisoma tofauti riwaya ya Anna Sewell, Black Beauty, iliyotoka mwaka 1877. Wengi wetu tuliipata shuleni katika matoleo yaliyofupishwa. Sewell aliumia vifundo vya miguu akiwa msichana, akaishi maisha yake akitegemea gari la farasi, na kitabu chake kina haki ya sifa zake zote. Alimpa farasi kinywa. Aliwafanya wasomaji waone kwamba ile hatamu ya kumlazimisha farasi ainue kichwa apendeze, ambayo matajiri waliiona kuwa ni urembo, ilikuwa ni mateso. Alielewa jambo lile lile ninalojaribu kulisema hapa: kwamba mtindo unaweza kuwa ukatili uliovaa nguo nzuri.

Hata hivyo, tazama miili katika riwaya hiyo. Ginger, rafiki wa msimulizi, anapokaribia mwisho wake ni mifupa na ngozi, anavuta gari la kukodi mpaka anakufa. Na katika zizi lile la awali, lile la watu wema, yuko Merrylegs, poni mdogo wa kijivu, kipenzi cha watoto. Sewell anapomtambulisha anatuambia kwamba ni mnene. Hana kusudi baya. Anatujulisha tu kwamba tumefika kwenye nyumba ya heri. Kitabu kizima kimejengwa juu ya mizani hiyo: anayekupenda anakulisha, asiyekupenda mbavu zako zinaonekana. Ni mizani ya babu yangu. Kwa farasi wa mjini katika karne ya 19, na kwa punda wa kichochoroni, ilikuwa mizani ya haki, maana njaa ndiyo iliyokuwa ikiwaua. Kosa si la Sewell. Ni letu sisi tuliochukua mizani ya njaa tukaipeleka kwenye malisho yaliyojaa, tukashangaa kwamba haisemi kitu.

Thelwell alirithi Merrylegs, akamvimbisha mpaka akawa duara. Hapo ndipo ninapomdai. Simdai kwa kuchora poni wanene. Aliwachora kwa sababu aliwaona, na jicho lake lilikuwa kali. Ninamdai tabia aliyowapa. Katika michoro niliyoisoma, unene ni ukaidi, ni ujanja, ni ushindi wa mnyama juu ya mtoto na mzazi. Poni wa Thelwell anakula kwa sababu yeye ndiye bwana. Anaangusha, anagoma, anakanyaga bustani. Haugui. Sijakuta hata mmoja aliyesimama ametanguliza miguu ya mbele. Ni mwili usio na kesho, na mwili usio na kesho ni rahisi kuuchekea. Mtoto aliyelelewa na michoro hiyo akimwona poni mnene anaona mhusika aliyezoeleka, mwenye vituko vyake. Mwenye banda wetu alikuwa na michoro miwili ukutani, juu ya mlango wa Kijivu. Tulipita chini yake kila asubuhi tukiwa tumebeba ndoo.

Sanaa ya kuhukumu poni nayo ni uhakiki. Jaji anasoma mwili kama mimi ninavyosoma kitabu, na ana kasoro nilizo nazo mimi. Ya kwanza ni kulinganisha. Uwanjani jaji hamuulizi poni kama ni mzima. Anauliza ni yupi bora kati ya hawa sita waliosimama mbele yake. Watano wakiwa wanene, wa sita mwenye mwili sahihi anaonekana kama aliyesahauliwa. Kesho yake wenye poni wanarudi nyumbani na somo walilojifunza, na mwaka unaofuata wote sita wanakuja wanene. Hakuna aliyekula njama. Jicho limezoea tu, kama pua inavyozoea harufu ya samaki sokoni.

Ya pili ni kwamba mafuta yanaficha. Kwetu Lamu nyumba kuukuu ikipakwa chokaa mnunuzi mjanja hugonga ukuta kwa kifundo cha kidole kabla ya kuuliza bei. Mafuta ni chokaa ya poni. Yanaziba bonde lililo nyuma ya bega, yanaipa shingo dhaifu upinde wa fahari, yanaviringisha matako yasiyo na misuli. Kutoka hatua tatu, mafuta na misuli vinafanana. Chini ya mkono havifanani hata kidogo: misuli ina ukakamavu na inakuitikia, mafuta yanatikisika au yamegandamana.

Jicho hudanganyika upande wa pili pia. Poni anayekula nyasi ngumu anaweza kuwa na tumbo kubwa huku mgongo wake umekonda. Manyoya ya majira ya baridi yanaweza kufunika mbavu za mnyama mwenye njaa zisionekane kabisa. Ndiyo maana wanaolijua jambo hili wanaanza na mkono. Kipimo kinachotumiwa sana kilitungwa Texas na Henneke na wenzake, kikachapishwa mwaka 1983. Kinakwenda kutoka 1 hadi 9, kwa kutazama na kupapasa sehemu sita: shingo, kibanda cha mabega, nyuma ya bega, mbavu, mgongo na shina la mkia. Poni wa 5 mbavu zake huzioni, lakini ukipitisha vidole unazipata bila kubonyeza. Mwaka 2009 watafiti wa Virginia waliongeza kipimo cha shingo peke yake, kutoka 0 hadi 5. Kwenye 3 ukingo wa shingo unajaza kiganja. Kwenye 4 kiganja hakiwezi tena kuushika. Kwenye 5 umelala upande mmoja na haurudi. Punda nao hupatwa na hilo. Daktari alimpa Kijivu 8 kwa mwili na 4 kwa shingo. Ule upinde wa mlango nilioupigia mashallah ulikuwa na namba.

Akatufundisha pia kupima kwa futi ya kamba. Chukua mzunguko wa kifua kwa sentimita, uuzidishe kwa wenyewe, uzidishe kwa urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, kisha ugawe kwa 11,877. Kijivu alikuwa na kifua cha 150 na urefu wa 132. Kilo 250.

Vipimo navyo si msahafu. Kile cha Henneke kilitungwa kwa ajili ya majike wa kuzaa, kujua mwili upi unashika mimba vizuri, na watu wawili wakimpapasa poni mmoja wanaweza kutofautiana namba. Lakini kinamlazimisha msomaji afanye jambo ambalo uwanja haumlazimishi: amsome mnyama huyu kwa kipimo kilekile kilichotumika jana kwa mwingine, bila kujali nani amesimama pembeni yake.

Mchoraji niliyeahidi ni Thomas Bewick, mchongaji picha wa Newcastle, aliyezaliwa mwaka 1753 na kufa mwaka 1828. Wakati wake wafugaji wa Uingereza walikuwa wakishindana kunenepesha ng'ombe na kondoo, na kuwachoresha. Maksai mmoja aliyeitwa Durham Ox alizungushwa nchini kwenye gari kwa miaka watu walipe wamwone. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1862, Bewick anasimulia alivyoitwa kuchora wanyama walionona, akachora alichokiona. Wenyewe hawakuridhika. Walitaka aongeze mafuta hapa na pale, mahali ambapo yeye hakuyaona. Akakataa. Wachoraji wengine walikubali, na picha zao ndizo zilizopendeza wenye mali.

Nilipokisoma kisa hicho nilikipenda kwa haraka, kisha nikaona kwamba hakinitetei. Bewick alikataa kuchora mafuta ambayo hayakuwepo. Mimi niliyapiga brashi mafuta yaliyokuwepo na sikuyaona. Hata hivyo ugonjwa wa wale wafugaji na wangu ni mmoja: picha ilikuwa imekwisha kuchorwa kichwani kabla mnyama hajasimama mbele yetu. Wao waliitoa kwenye fahari yao. Mimi niliitoa kwenye huruma, na huruma ni vigumu zaidi kuitilia shaka.

Kijivu alipona, kwa kiasi. Aliondolewa kwenye malisho, akapewa nyasi kavu zilizolowekwa ili sukari itoke, akafungwa vitambaa laini chini ya kwato. Ilinibidi nijifunze kusimama mbele ya mnyama anayelilia chakula bila kumwongeza. Kwa mtu wa kwetu hilo ni zito. Niliisikia sauti ya babu kila nilipofunga lile lango. Majira ya baridi mama alinipigia simu ya video, akanitazama, akasema, “Mwanangu, umekonda, huko hawakupi chakula?” Nikamwambia nimemkondesha na farasi pia. Akasema astaghafiru.

Kiangazi kilichofuata daktari alituruhusu. Kifua 141, kilo 221, na mbavu zilikuwa pale pale zinapotakiwa kuwa: hazionekani, zinashikika. Tulirudi uwanja uleule. Jaji alikuwa mwingine. Alisimama mbali kama wa kwanza, akatupanga wa tano kati ya sita, na kwa upole kabisa akamwambia mwenye banda kwamba poni ni mzuri ila anahitaji kujaa kidogo. Mwanamke mmoja kwenye kamba alinong'ona kwamba maskini, huyo hali chakula cha kutosha. Nilimsikia. Ni maneno ambayo ningeyasema mwenyewe miaka miwili kabla.

Nilitegemea mwenye banda abishe, kwa kuwa si mtu wa kunyamaza. Alisema asante, akamrudisha Kijivu kwenye gari. Kabla ya kufunga mlango aliingiza mkono nyuma ya bega, akapitisha vidole taratibu, mbele na nyuma.

“Zipo,” akasema. Tukaondoka.